Siku Tulipousafisha Ukuta wa Aibu

Kijiweni kwetu kuna benchi refu, miguu mitatu ya mbao na wa nne tofali, linatazamana na karakana ya Dada Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwenye jiko na kahawa ni Mama Birika, mwanamke ambaye ukinywa ukasahau kulipa, atakukumbusha siku umekaa na wakwe zako. Kulia kwa jiko hukaa Mzee Faili, tarishi mstaafu wa ofisi za serikali. Alibeba mafaili maisha yake yote asifungue hata moja, lakini yaliyomo anayajua yote. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi, ambaye kibanda chake kiko nyuma yetu, na mteja akimkuta katikati ya hoja huondoka amenyolewa upande mmoja. Katikati, pale penye ubao laini, nakaa mimi. Naitwa Injinia. Jina nilijipa mwenyewe, maana shule niliiacha mapema, kabla hawajafika kwenye kugawa vyeo. Nimeshika gereji, useremala, bomba, cherehani na rangi, na kote huko nimeondoka bado wananipenda. Wenye wivu wananiita Kozi Tano.

Asubuhi hiyo kulikuwa na hoja nzito mezani, ingawa meza hatuna. Redio ya Wembe ilikuwa imetangaza kwamba serikali inatoa ruzuku kwa karakana zinazowaandaa vijana kabla hawajapokelewa kwa mafundi kama wanagenzi. Dada Cheche akaomba. Akajibiwa kwamba afisa atakuja kujionea. Na siku ya afisa ndiyo ilikuwa hiyo.

Msidhani ni jambo la kuchezea. Kila alasiri vijana sita wa mtaani huja kwa Dada Cheche kujifunza bure. Mashine moja, kinyago kimoja cha kukinga macho. Mmoja akichomelea, wengine wote wanageukia ukuta. Juzi juzi binti wa fundi viatu aligeuka mapema, moto bado unawaka, akalala na kitambaa cha maji usoni, akitoa machozi kama amekata vitunguu vya ukoo mzima. Kesho yake Dada Cheche alivuka barabara, akasimama mbele ya benchi, akasema: "Ruzuku ikija, nanunua vinyago na mashine ya pili. Isipokuja, mwisho wa mwezi darasa nalifunga. Sitapofusha watoto wa watu."  

Basi, asubuhi hiyo ya afisa tukaanza hoja yetu.

Wembe: Mimi kuna mahali wananipoteza. Uanagenzi wenyewe si ndiyo maandalizi ya ufundi? Sasa haya maandalizi ya maandalizi ni kitu gani?

Mzee Faili: Serikali hairuki, kijana. Kila kitu kina kabla yake. Hata mkutano una kikao cha kuandaa mkutano.

Mama Birika: Na kikao kina chai ya kuandaa kikao.

Mzee Faili: Na chai niliipeleka mimi.

Mimi: Tatizo lenu hamjawahi kuandaliwa. Mimi gereji waliniandaa kwa fagio. Nilifagia ile gereji mpaka magari yakawa yanateleza yenyewe hadi barabarani. Fundi mkuu akasema, huyu nikimpa spana leo, kesho atanifukuza mimi.

Mama Birika: Ulifagia siku mbili, Kozi Tano. Ya tatu mama yako alikaa hapo ulipokaa, akaniuliza kama nataka kijana wa kuosha vikombe.

Mimi: Nilikuwa likizo, Mama.

Wembe: Ndiyo mambo ya samaki mkunje angali mbichi. Huyu walimkunja, akanyooka.

Mara ikasikika sauti kutoka ng'ambo: "Macho!"

Hapo lazima niwaeleze. Dada Cheche akitaka kuwasha moto wake hupiga ukelele huo mmoja, na mtaa mzima unageuka. Muuza nyanya anageuka, mwenye baiskeli anashuka anageuka, mbwa wa Wembe naye anageuka. Na sisi tukageuka, benchi zima tukaukabili mgongo wa kibanda cha kinyozi, hoja ikaendelea vile vile kama kawaida, tunaongea na mabati.

Mzee Faili: Sasa nisikilizeni, nikiwa nimegeuka hivi hivi. Ruzuku ni chambo. Ukiipokea, wanakujua. Wakikujua, wanakuhesabu. Wakishakuhesabu, basi, wewe ni wao. Mchagua jembe si mkulima.

Mama Birika: Jembe limeingiaje hapo, Mzee Faili?

Mzee Faili: Limeingia, wewe ndiye hujaliona.

Wembe: Mzee wangu, hapo umekaribia lakini umepita mlango. Mimi nimemnyoa mtu anayemjua dereva wa mkubwa mmoja. Sikilizeni. Mkubwa aliagiza geti. Fundi akamwambia njoo kesho. Akaenda kesho, akaambiwa njoo kesho. Mwaka ukaisha. Mkubwa analala nyumba haina geti, mbuzi wa jirani wanaingia wanakula maua, mmoja ameanza kulala sebuleni. Ndipo akapiga ngumi mezani: nataka vijana waandaliwe upya kabla hawajafika kwa mafundi, wasije wakafundishwa kusema njoo kesho!

Mimi: Kwa hiyo hii ruzuku yote ni ya kufuta njoo kesho?

Wembe: Ya kuifuta kabisa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye ninayezipunguza. Najua ninachosema.

Mama Birika: Ikifutwa njoo kesho, mafundi watasema nini?

Wembe: Hapo sasa! Watabaki bubu. Wewe umewahi kuona fundi anasema "tayari"?

Mzee Faili: Niliwahi kusikia. Lakini alikuwa anaota.

Moto ng'ambo ukazimika, tukageuka. Nikaona ni zamu yangu kuwaonyesha watu upana wa dunia.

Mimi: Nyote mnafikiria vitu vidogo, mageti na mbuzi. Jiulizeni, kwa nini wanaanza na wachomeleaji? Serikali inataka kuchomelea paa.

Wembe: Paa la nini?

Mimi: La nchi. Nchi nzima, mpaka kwa mpaka. Mvua inyeshe kwa ratiba, tundu lifunguliwe kwenye mashamba jioni, lifungwe usiku. Kazi kama hiyo huwezi kuipa fundi wa kawaida, atachoka kwenye wilaya ya kwanza. Unahitaji vijana walioandaliwa.

Mzee Faili: (akafikiri) Hilo paa... kuna faili moja lilikuwa zito sana. Nililibeba kwa mikono miwili.

Mimi: Ndilo lenyewe!

Mama Birika: Mungu wangu, na kahawa hii naipika mimi mwenyewe, sijui nimetia nini.

Hapo Dada Cheche akavuka barabara akijifuta mikono kwa tambara, aproni yake ya ngozi bado shingoni. Ni mwanamke mfupi, mikono kama ya mbeba mizigo, na nyusi moja iliungua zamani ikagoma kurudi, kwa hiyo hata akifurahi anaonekana ana shaka.

Dada Cheche: Mzee wangu, shikamoo. Mama, shikamoo. Nyie wengine, hamjambo. Vijiti vya kuchomelea vimeniishia, nakimbia dukani. Afisa akifika kabla yangu, mkaribisheni kahawa.

Mzee Faili: Marahaba, mwanangu. Ondoa shaka, wakubwa ninawajua mimi.

Dada Cheche: Na msiguse kitu ndani. Injinia, nakutazama wewe.

Mimi: Dada, mimi na chuma tunaheshimiana.

Dada Cheche: Ndiyo maana nasema.

Akaenda. Tukakaa kidogo, watu wazima, tumetulia. Kisha Wembe akasema acha akaangalie tu kama mlango umefungwa vizuri. Mlango ulikuwa wazi. Tukaingia kuufunga kwa ndani.

Sasa, ukiingia pale, kitu cha kwanza kukutana nacho ni Ukuta wa Aibu. Ni jina alilolitoa Dada Cheche mwenyewe. Kila anayejifunza, kipande chake cha kwanza kabisa, vile vyuma viwili alivyojaribu kuviunganisha siku aliyofika, kinatundikwa kwa waya hapo ukutani, na jina lake kwa chaki. Vibaya, jamani! Kimoja kama matope aliyokanyaga bata. Kingine kimetoboka katikati, unaona upande wa pili. Juu kabisa kimetundikwa cha Dada Cheche, cha siku zake za kwanza, kimevimba kama jipu, na ndicho kibaya kuliko vyote.

Wembe: Jamani. Afisa ataingia, jicho la kwanza hapa.

Mzee Faili: Amekwisha huyu binti. Ofisini kwetu mgeni mkubwa akija, faili lenye doa tulilipandisha juu ya kabati.

Mama Birika: (kutoka mlangoni, kijiko mkononi) Mwenye nyumba amesema msiguse!

Mzee Faili: Hatugusi, Mama, tunasafisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji atapona vipi na majipu yamejaa ukutani?

Mama Birika: Mkiharibu, mimi simo.

Mimi: Ukinitaja tu mahali pa usafi, Mama, kuharibika kunaogopa.

Tukavishusha vyote. Kwenye kona kulikuwa na maua ya kupambia mageti yaliyokwisha kamilika, vijani vya chuma, mikunjo laini imepigwa msasa mpaka inang'aa. Tukayatundika hayo. Chaki nikaishika mimi, nikaandika juu kwa herufi zangu kubwa: KAZI ZA WANAFUNZI, SIKU YA KWANZA. Kwa kweli ukuta ulipendeza, ungeweza kuolea mbele yake. Vile vibaya tukavitia kwenye gunia, na kwa kuwa mnunua chakavu alikuwa anapita na mkokoteni wake, Wembe akamtupia gunia zima bure. Eti ushahidi ukibaki unazaa.

Tukarudi kwenye benchi tukakaa kama malaika wenye vikombe.

Tulikuwa tunalitazamia gari. Mzee Faili alikuwa ameshatueleza jinsi litakavyosimama, na nani afungue mlango. Badala yake tukamwona Dada Cheche anakuja na vijiti vyake kwapani, ubavuni anatembea mama mmoja wa makamo, viatu vya kamba vina matope, mkoba begani, wanaongea kama waliotoka kisimani.

Wembe: (kwa kunong'ona) Gari liko wapi?

Mama Birika: Labda ndiye gari.

Dada Cheche: Mama huyu ndiye afisa wa ruzuku. Tumekutana dukani, anaulizia njia.

Tukasimama wote, tukashusha shikamoo kwa mpigo mmoja kama kwaya. Akaitikia, akakataa kiti, akataka kuona karakana kwanza. Tukamfuata nyuma. Hatukualikwa, lakini kazi yako nzuri ikisifiwa huwezi kuwa mbali.

Dada Cheche alivuka kizingiti, akauona ukuta, akasimama. Ile nyusi moja iliyobaki ilipanda mpaka nikadhani itaingia kwenye nywele.

Afisa akasogea karibu, akasoma maandishi yangu, akapapasa ua moja kwa kidole.

Afisa: Nzuri sana. Hizi ni za wanafunzi?

Wembe: Wanafunzi watupu, mheshimiwa.

Afisa: Siku ya kwanza?

Mzee Faili: Asubuhi yake.

Mimi: Wengine kabla ya chai.

Afisa: Na anayekosea?

Mzee Faili: Hapa hakosei mtu, mheshimiwa. Kosa ni mwiko.

Wembe: Kosa tunalisikia kwa majirani.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, polepole, bila hasira. Kisha akauliza:

Afisa: Sasa kama siku ya kwanza tu wanachomelea hivi, mimi nimeleta ruzuku ya kuwaandaa kwa lipi?

Nawaambia, swali lilikuwa jepesi. Hata darasa nililoliacha mimi wangelijibu. Lakini Wembe aliangalia dari. Mzee Faili alikohoa kile kikohozi cha kusubiri mlangoni kwa bosi. Nami nikasoma tena maandishi yangu, nikaona kumbe herufi nyingine zilikuwa kubwa mno.

Dada Cheche: Mheshimiwa, huu si ukuta wangu. Ukuta wangu ulikuwa na makosa. Makosa mengi tu. Viko wapi vipande vyangu?

Mzee Faili akainama kufunga kamba za viatu.

Dada Cheche: Mzee wangu, nauliza.

Mama Birika: Vimepanda mkokoteni wa chakavu. Niliwaambia!

Dada Cheche: Na changu?

Wembe: Nacho kilipata siti, dada yangu.

Dada Cheche: Mficha uchi hazai, mbona nyie mmenivalisha shuka hadi usoni! Nimewakosea nini?

 Afisa naye akafungua mkoba, akafunga mkoba, na ile sauti ya kufunga ilinichoma kuliko cheche.

Afisa: Dada, mimi nimetumwa kuona jinsi anayeanza anavyoanzishwa. Hapa naona maua tu. Vijana wako wako wapi?

Dada Cheche: Huja alasiri.

Afisa: Alasiri natakiwa karakana nyingine, mbali. Sina siku nyingine ya upande huu. Pole sana.

Akaanza kugeuka. Na mimi, jamani, kuna watu wanaongozwa na akili, wengine na moyo, mimi huongozwa na mdomo. Ulishatangulia.

Mimi: Mheshimiwa, ukitaka anayeanza, mbona umesimama naye?

Afisa: Wewe unajua kuchomelea?

Mimi: Hata kidogo! Sijui kuliko mtu yeyote mtaa huu. Nimeanza gereji, nimeanza useremala, nimeanza bomba, cherehani, rangi. Kwenye kuanza, mheshimiwa, mimi nina uzoefu. Nipe chuma nikikosee mbele yako uone kazi.

Wembe: Hilo ni kweli kabisa, mheshimiwa. Kwa kukosea tunamkubali.

Mama Birika: Mimi ni shahidi.

Ndiyo siku pekee kijiwe kizima kilinisifia bila ubishi. Dada Cheche alinitazama kwa muda. Kisha akavua aproni, akanivalisha mwenyewe, akanipa glavu na kinyago, akanishika bega akanisimamisha penye meza ya chuma.

Dada Cheche: Sheria ya kwanza. Kabla ya kuwasha, unasema nini?

Mimi: MACHO!

Niliitoa kutoka tumboni. Nje nikasikia baiskeli zinashuka. Afisa wa watu bado amesimama ananitazama, hajui. Mzee Faili akamshika mabega kwa heshima zote, akamzungusha akaukabili ukuta.

Mzee Faili: Samahani, mheshimiwa. Hapa hata serikali inageuka.

Wakasimama hivyo, migongo yote kwangu, afisa, tarishi, kinyozi, mpika kahawa, na Dada Cheche mwenyewe. Nikashusha kinyago. Giza totoro. Nikaona labda hapa ndipo ningetoroka mtu asinione.

Afisa: Dada, na wewe umegeuka? Sasa mwanafunzi unamwonaje?

Dada Cheche: Kinyago ni kimoja, amevaa yeye. Simwoni. Namsikiliza. Haya, Injinia. Kijiti usikidunge kama sindano. Kikwaruze kama unawasha kiberiti.

Nikakidunga kama sindano. Pa! Kijiti kikanasa kwenye chuma, kikang'ang'ania kama mtoto wa kwanza siku ya shule.

Dada Cheche: Kimenasa. Kizungushe mkono, kivunje. Umesikia, mheshimiwa? Kulia mara moja kisha kunyamaza, hiyo ni kunasa. Tena! Kwaruza.

Nikakwaruza. Mwanga ukalipuka, mkono wangu ukaruka wenyewe.

Dada Cheche: Hiyo pa-pa-pa, amekwenda mbali. Shuka! Karibu zaidi. Karibu!

Wembe: Shuka, Injinia! Hata mimi nasikia uko juu!

Mzee Faili: Yuko juu, yuko juu. Shuka kijana, ngazi ni ile ile.

Nikashuka. Jasho linatiririka ndani ya kinyago. Mara ile sauti ya kupasuka ikabadilika, ikawa kama... sijui niseme nini. Mama Birika ndiye aliyesema.

Mama Birika: Eeh! Hayo mafuta sasa yamepata moto! Ametia vitunguu!

Dada Cheche: Ndiyo yenyewe, Mama! Ukisikia kukaanga, uko pazuri. Usikimbie, Injinia. Tembea. Kaa kwenye vitunguu.

Afisa: (mgongo wake bado kwangu) Amevipoteza. Hapo. Si ndiyo? Sasa amevipata tena!

Dada Cheche: Mheshimiwa, sikio lako zuri!

Walikuwa wanapiga kelele wote sasa, wameukabili ukuta wa maua, wananiongoza kwa masikio kama wanasikiliza mpira redioni. "Pandisha! Mvivu huyo! Kaanga, mwanangu, kaanga!" Na mimi ndani ya giza naona kitone kimoja chekundu kinatembea, nacho kinanitii. Kidogo tu, lakini kinanitii. Sijui kama mnaelewa. Vitu vinavyonitii duniani ni vichache sana.

Kijiti kikaisha. Dada Cheche akasikia moto umekufa, akaita: "Salama!" Wakageuka. Dada Cheche akakigonga kile chuma kwa nyundo, gamba likaruka, akakipiga brashi ya waya, akakiinua.

Kilikuwa kibaya. Sitawadanganya, na mimi kudanganya ninaweza. Nusu ya kwanza kama kuku alitembea pale akiwa mgonjwa. Katikati kuna tundu. Lakini mwishoni, urefu wa kidole hivi, mstari ulikuwa umelala.

Afisa: Haya, mwanangu. Hapa mwanzo ulifanya nini?

Mimi: Nilidunga.

Afisa: Na hapa penye tundu?

Mimi: Nilikaa mahali pamoja nikijishangaa.

Afisa: Ukirudia?

Mimi: Nitakwaruza, nishuke, nitembee. Kisha nakaa kwenye vitunguu.

Wembe: Jamani! Kozi Tano amejibu maswali matatu kwa mfululizo!

Afisa akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Alipomaliza akageuka kwa Dada Cheche, akaanza kuzungusha macho ndani ya karakana. Akaangalia mashine. Akaangalia mitungi. Akaangalia rundo la vyuma, ngazi, mageti yaliyosimama yakisubiri wenyewe walioambiwa waje kesho.

Afisa: Dada, vinyago nimeelewa. Lakini hii mashine ya pili uliyoiomba itakaa wapi?

Dada Cheche: Ati nini?

Afisa: Mashine ya pili. Utaiweka wapi? Mimi sijasema kitu bado, nauliza tu nafasi.

Na Dada Cheche, aliyekuwa na jibu kwa kila sauti ya moto, akakosa.  Akatazama kona hii, akatazama kona ile, machozi yanamlenga na nyusi yake bado ina shaka. Miezi yote ile alikuwa ameililia ile mashine, kumbe hakuwahi kuthubutu kuipangia mahali.

Sisi tukamsaidia, bila shaka.

Wembe: Ikae juu ya dari, ninunue kamba.

Mzee Faili: Ipewe kabati. Serikali haiwezi kuleta kitu kisicho na kabati.

Mimi: Yatoke mageti!

Dada Cheche: Mageti ya wateja yaende wapi, wewe?

Mimi: Yaende kwa wateja, dada! Ndiyo nafasi hiyo!

Wote wakanigeukia, kwa sababu ni wazo ambalo halijawahi kutajwa kwa fundi yeyote, popote.

Dada Cheche akacheka, akalia, akacheka. Akachukua waya, akang'oa ua moja la ukutani, akatundika kile kipande changu mahali pake, juu kabisa. Akafuta maandishi yangu kwa kiganja, akaandika kwa chaki jina langu. Si Injinia, wala Kozi Tano. Jina langu la kwa mama yangu. Nikamwambia kipande changu kinaona upweke katikati ya maua, kinataka wenzake.

Dada Cheche: Wenzake mliwapa mkokoteni. Kile changu, hata mwenye chakavu atakipima mara mbili asiamini.

Afisa: Basi mwingine aanze. Mimi bado nina nusu saa.

Wembe na Mzee Faili wakakikamata kinyago kwa wakati mmoja. Huyu anasema mkono wa kinyozi hautetemeki, yule anasema umri kwanza, wanavutana kama watoto wenye andazi moja. Walipokuwa wanavutana, mkono wa tatu ukapita katikati yao, ukakichukua.

Mama Birika: Nipisheni. Hapa panatakiwa mtu anayejua kukaanga.

Akajifunga aproni juu ya kanga, akavaa glavu, akasimama penye meza kama amezaliwa hapo. Akavuta pumzi. "MACHO!" Ilikuwa kubwa kuliko yangu, nakubali. Mtaa ukageuka. Afisa akageuka mwenyewe, wa kwanza kabisa. Tukauelekea ukuta, bega kwa bega, masikio yamesimama, na nyuma yetu vitunguu vikaanza kulia, taratibu, bila kukatika hata mara moja.

Ndipo harufu ikavuka barabara ikatukuta.

Wembe: Mama! Mama Birika! Kahawa imekauka jikoni, linaungua birika!

Mama Birika: (ndani ya kinyago, bila kuinua mkono) Liache liungue! Kahawa nimepika maisha yangu yote. Chuma nimeanza leo.